Filimbi Niliyoinywesha Maji

Haya nyie, wa Tinde mliokaa kwenye magunia na mliosimama juani! Mashine ya kusaga imekata mkanda, fundi kaenda kutafuta mwingine, na fundi wetu mnamjua: akisema dakika tano, wewe injika maharage. Kwa hiyo sogeeni. Na wewe mama mwenye debe la mtama, liweke chini, hakuna wa kuliiba, sote tunakutazama.

Nawapa kisa. Najua mnavyonisema. Nikisema nimeona ng'ombe, nyie mnatoa nusu mnabaki na mbuzi. Sawa, mengine toeni nusu, toeni hata robo tatu. Hili la leo msitoe hata punje. Lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, macho yote mawili wazi, na tumboni hakuna kitu zaidi ya chai ya rangi. Niaminini.

Mnajua kuna kipindi nilikuwa nafanya kazi kule nje kidogo ya Kahama, kwenye nyumba ya makumbusho. Ni nyumba ya mzee mmoja, mwalimu mstaafu, sisi tulimwita Mwalimu tu. Amechukua vyumba vitatu vya mbele akavijaza vitu vya zamani: vinu, vibuyu, mishale, ngoma iliyotoboka, kiti cha mtemi ambacho mimi nilikikalia siku ya kwanza nikala hapo hapo viazi vyangu. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kufuta vioo na kufukuza popo. Na kila kitu mle ndani kina kikaratasi chake, Mwalimu ameandika kwa mkono. Kusoma mimi sijui, hilo halina siri. Nikadhani zile karatasi ni bei. Wiki nzima najiuliza, hii ngoma iliyotoboka nani atainunua?

Sasa siku moja likaja boksi. Ndani yake pamba, na kwenye pamba filimbi sita. Filimbi za matete, zile za wachungaji wa zamani, za kwetu kabisa. Mwalimu akanieleza kwamba zilichukuliwa na mzungu mmoja enzi za mababu, zikapelekwa Ulaya, zikalazwa kwenye droo la makumbusho makubwa kule, zikakaa humo miaka na miaka. Yeye ndiye aliyeandika barua, na barua, na barua, mpaka wakachoka wakazirudisha. Hebu fikirieni. Filimbi imepanda ndege! Mimi mpaka leo ndege naijua tumbo tu, ikipita juu ya shamba.

Na kule wamezipiga namba. Kwenye mwili wa kila tete, wino mweusi, kama ng'ombe wa mnadani. Mwalimu akazipanga kwenye kabati la kioo, akaandika vikaratasi vyake, akafunga kwa ufunguo.

Watano kati yao, samahani, tano kati ya hizo, zilikuwa filimbi za kawaida. Ya sita ndiyo iliyoniua.

Ngoja kwanza. Hapa nani kachunga? Wengi, naona. Basi mnajua, mchungaji akikata tete lake hapimi kwa rula. Anaweka vidole vyake juu ya tete, kila kinapotua kidole anatia alama, halafu anatoboa kwa chuma cha moto. Ndiyo maana filimbi ya mtu mwingine haikukai mkononi, ni kama kuvaa kiatu cha mwenzio. Sasa hii ya sita ilikuwa na tundu moja huku juu, halafu nafasi tupu, halafu matundu mawili yamekaribiana. Wageni wakija wanaicheka. Kuna dada mmoja msomi alikuja na kamera, akaipiga picha thelathini, akasema aliyeitengeneza alikosea. Mwalimu naye akaongeza kwenye kikaratasi maneno haya, nilimwomba anisomee: "Yenye kasoro."

Mimi nilikuwa nafuta kile kioo. Mkono wangu huu hapa, utazameni. Kidole cha kati kiko wapi? Kililiwa na karasha kule machimbo ya Geita, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Nilikuwa nasukuma jiwe, mashine ikaona hiki nacho ni jiwe. Sasa niko na kitambaa, mkono umetua juu ya kioo, sawa sawa juu ya ile filimbi. Kidole cha shahada juu ya tundu. Pengo juu ya pengo. Viwili vya mwisho juu ya matundu mawili.

Jamani.

Nilisimama pale mpaka kioo kikaota mvuke wa pumzi yangu. Wasomi wote wale, kamera zote zile, na hakuna aliyejua. Huyu mtu hakukosea! Huyu mtu alikuwa hana kidole cha kati! Nikahisi kama nimekutana na kaka yangu niliyepotezana naye. Toka siku ile, nikifagia, nafagia kwa kumzunguka yeye. Asubuhi namsalimia. "Mwangaluka, bwana mkubwa, umelalaje kwenye kioo?" Mwalimu akanisikia, akadhani jua limenipanda kichwani.

Basi ikafika mwezi wa tisa. Jua la Kahama mwezi wa tisa mnalijua, kuku anataga yai lililokwisha chemka. Mwalimu akapata msiba Ushirombo, akaondoka alfajiri, akaniachia funguo. Mchana, kama saa nane, napita na ufagio, naona kwenye ile filimbi kuna mstari. Ufa. Mwembamba kama unywele, unaanzia pale pa kupulizia. Tete limekauka, linataka kupasuka.

Haya, nyie mliochunga, tete likikauka mnafanya nini?

Umesema kweli, mzee. Unalinywesha. Hakuna mtoto wa mchungaji atakayeona filimbi inapasuka kwa kiu aipite. Nikafungua kabati, nikaitoa, nikachota maji kwenye mtungi, nikayamimina ndani huku nimeziba kwa kiganja, nikatikisa, nikageuza, nikamwaga. Nikarudia. Baadaye ndipo nilipokuja kuambiwa kwamba karatasi ya juu ya kabati, ile kubwa yenye maandishi mekundu, ilisema usiguse, na hasa hasa usitie maji. Mimi nilijua ile ndiyo bei ya jumla.

Na baada ya kuinywesha, utaiweka tu hivi hivi? We! Mkono wenyewe umekaa kama uliumbiwa pale. Nikapuliza. Mara moja tu.

Haikulia kama filimbi. Ilitoa sauti nzito, yenye majimaji, kama mtu aliyelala muda mrefu umemgusa bega naye anasema, "Eeh?"

Na hapo hapo mlangoni nikasikia, "Mbona unaipiga vibaya?"

Nikageuka. Kuna mwanamke. Si mzee, ni wa miaka kama thelathini, kavaa kaniki nyeusi, kwenye mikono bangili za waya, na mkononi ameshika mwiko. Mwiko mkubwa wa kusongea ugali, mweupe, mkavu, kama haujawahi kuingia kwenye chungu. Nikamsalimia vizuri, maana nilijua ni mama wa jirani.

"Mwadila, mayu. Leo tumefunga, mwenye nyumba kaenda msibani."

"Mwadila. Sikuja kuangalia nyumba. Nimesikia, nimeacha maji jikoni yanachemka. Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwenye hiyo."

Nikacheka. Mimi hucheka vibaya nikiwa sijaelewa. Nikamwambia, "Mwenye hii? Labda ukamwulize kwenye ndege, maana hii imetoka Ulaya juzi tu. Karibu ndani ukae, jua kali."

"Siingii," akasema. "Mimi siyo wa kuingia. Mimi ndiye ninayefungua."

Akakaa pale pale kizingitini. Na hapo nikaona jambo. Njia ya pale ni vumbi la kuzama mpaka kifundo, mimi nikienda tu chooni narudi na soksi za vumbi. Nyayo zake zilikuwa safi, nyeusi, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Na kichwani kwake kunatoka mvuke, taratibu, kama mtu aliyeinamia chungu. Nikajiambia, huyu mama ana homa. Unaona akili inavyojitafutia pa kujificha?

Nikamwuliza, "Mayu, huyo mwenye filimbi ni nani wako?"

"Baba Nyanzobe. Mume wangu. Hana kidole hiki." Akaonyesha cha kati. "Kamba ya dume la ng'ombe ilimkata, alikuwa ameizungushia kidoleni, dume likaruka. Nilimwambia mara ngapi asizungushie kamba kidoleni? Ana kichwa kigumu yule."

Alisema "ana". Hakusema "alikuwa na". Mwili wote ukanisisimka mpaka nywele za puani.

Basi akaanza kunieleza, na mimi nimesimama na filimbi mkononi inadondosha maji kwenye sakafu ya Mwalimu. Alieleza polepole, kama mtu anayechagua mchele. Nami nawapa kama alivyonipa.

Enzi zao, alisema, kulikuwa na vitu vinavyokuja mlangoni jioni vikiwa na sauti ya mtu wako. Fisi anakuita jina lako kwa sauti ya kaka yako. Unafungua, imekula kwako. Kwa hiyo yeye na mume wake walikuwa na makubaliano. Mume akirudi na ng'ombe, anapiga filimbi toka kule mbugani. Wimbo wake mwenyewe, hakuna mwingine anayeujua, na sauti ya tete lile hakuna anayeweza kuiiga, maana hakuna mwenye mkono ule. Mke akisikia, anatia unga kwenye maji, anasonga, halafu anafungua mlango. Bila filimbi hafungui. Hata uite. Hata ulie. Walikubaliana hivyo, na mume mwenyewe ndiye aliyesisitiza.

"Mwaka mmoja kulikuwa na baridi," akasema. "Mimi nikawa nalalamika. Kila siku nalalamika, baridi, baridi. Domo langu hili. Akapeleka ng'ombe malisho ya mbali, upande wa Runzewe huko, akakutana na mzungu ana watu wamembebea mizigo, anakusanya vitu. Mzungu akaitaka filimbi. Akampa blanketi."

"Blanketi," nikasema.

"Jekundu. La kwangu. Akatoa filimbi, akachukua blanketi, akarudi anakimbia kwa furaha. Akafika mlangoni. Akaniita, mama Nyanzobe, nifungulie, ni mimi, nimekuletea kitu."

Akawa anaugeuza ule mwiko mapajani.

"Nikamwambia, piga."

Nyie, hapo mnaelewa? Amefika mtu na blanketi lake, na kitu alichokitoa kulipata ndicho hicho hicho cha kufungulia mlango!

"Akasema, sina, nimeitoa. Nikamwambia, basi wewe siye, rudi ulikotoka. Akaniita majina yote ya nyumbani. Akanitajia ng'ombe wote kwa majina yao, na mama zao. Nikasema, piga. Mwisho akacheka kidogo. Akasema, umefanya vizuri, mke wangu, ndivyo tulivyokubaliana. Akaegemea mlango kwa nje. Mimi nikaegemea kwa ndani. Naisikia pumzi yake kwenye zile fito. Nilijua ni yeye. Unasikia, bwana? Nilijua. Na sikufungua."

"Asubuhi?"

"Asubuhi nyasi zimelaliwa, hayupo. Wenzake wakaniambia amemfuata yule mzungu, amrudishie blanketi lake, apewe filimbi yake, ili arudi vizuri. Hajarudi. Maji yako jikoni. Siwezi kutia unga kabla sijamsikia."

Sasa mimi hesabu za darasani sina, lakini za kichwani ninazo. Mzungu mwenye watu wa kubeba mizigo! Hiyo ni kabla ya lami, kabla ya baiskeli, babu yangu alikuwa bado anasubiri kuzaliwa. Na huyu hapa kakaa kizingitini, hana hata mvi moja. Nikaelewa yule si wa homa. Nikataka kukimbia, na siku ile ningekimbia nadhani ningefika Runzewe kivuli changu kikiwa bado kiko Kahama. Lakini mlango ni mmoja na yeye ndiye amekaa mlangoni, na dirisha Mwalimu kaweka nondo kwa ajili ya wezi.

Nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa nyembamba kama ya kifaranga, "Mayu, mume wako alienda kuifuata filimbi. Filimbi ilienda Ulaya."

"Basi naye alienda Ulaya."

"Na filimbi imerudi."

Akanitazama. Macho yale sijayasahau. Mmewahi kumwona mtu stendi, basi limeingia, abiria wanashuka mmoja mmoja, na yeye anatazama kila uso? Hivyo.

"Basi naye amerudi," akasema. "Yumo humo ndani na wewe. Hawezi kuja kwangu hajaitwa, na mimi siwezi kumfungulia hajapiga. Lakini wewe una mkono wake. Mpigie."

Nitazameni, nyie. Huyu mnayemcheka kwamba anaogopa hata chura. Mgongo wangu umeelekea chumba chenye kitu nisichokiona, uso wangu umeelekea mwanamke anayetoa mvuke, na ninaombwa wimbo. Nilichosema ni nini? Nilisema, "Mayu, wimbo siujui."

Akaniimbia, kwa mdomo uliofungwa, puani. Sauti tatu za chini, moja ndefu inayopanda, kama mtu anayeuliza swali, halafu inashuka mbili mbili kama ng'ombe wanaoteremka mtoni.

Nikapuliza. Ikatoka kama tairi la baiskeli limepata pancha.

"Siyo yeye," akasema.

Nikarudia. Safari hii ikawa kama mbuzi anayekanyagwa mguu. Mwanamke yule, pamoja na yote yaliyompata, akacheka! Akaziba mdomo kwa kaniki. "Siyo yeye, lakini alipoanza kujifunza alikuwa hivyo hivyo. Lainisha midomo. Usiilazimishe, iulize tu."

Nikafunga macho. Sikumfikiria yeye, sikufikiria mzimu wala mzungu. Nikafikiria nilivyokuwa mdogo narudi na ng'ombe wa baba, vumbi jekundu limesimama, na kule mbele moshi wa jikoni kwa mama unaonekana, na mama yangu alikuwa bado yuko hai. Nikapuliza kwa hiyo hamu. Sauti tatu chini. Moja ndefu inapanda.

Na ikatoka. Niaminini, ikatoka.

Nyuma yangu nikasikia kengele ya ng'ombe, ile ya chuma kizito, moja tu. Harufu ya zizi ikajaa chumba kizima. Na kitu kikanipita hapa begani, kwa taratibu, kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba hataki kumsukuma mwenzie. Kilikuwa kizito na chenye manyoya manyoya. Blanketi! Nililihisi kwenye shavu, sufu ile ya zamani inayochoma.

Yule mwanamke alikuwa ameshasimama. Hanitazami mimi tena. Mkono wake ukashika hewa, ukavuta, nami kwa masikio yangu haya mawili nikasikia fito za mlango zikikwaruzana, mlango wa miti, pale ambapo pana mlango wa bati wa Mwalimu.

Akasema, "Umekawia."

Sauti ya kiume, hapa hapa karibu na sikio langu, ikasema, "Nilikuwa mbali."

"Ingia. Maji yamechemka."

Basi. Kizingiti kikabaki kitupu. Jua, vumbi, kuku wa jirani. Na harufu ya ugali wa mtama, mpya kabisa, ile inayotoka unga unapokutana na maji ya moto mara ya kwanza. Nilikaa chini sakafuni nikalia kama mtoto, na mpaka leo sijui nilikuwa namlilia nani.

Utasema niliota. Sawa. Kizingitini kulikuwa na unga umemwagika, kama viganja viwili. Sisimizi walitokea, wakajipanga, wakaubeba wote kabla ya jioni. Mimi naweza kudanganya, nakubali, nimedanganya sana. Lakini sisimizi habebi uongo akaupeleka kwa watoto wake.

Mwalimu aliporudi kesho yake akakuta filimbi imepasuka, toka juu mpaka chini, vipande viwili. Haikupasuka kwa kiu, ilipasuka pale nilipoishusha mdomoni, kimya kimya, kama ganda la karanga. Mzee yule alinisema! Kiswahili kilimwishia akahamia Kisukuma, Kisukuma kikamwishia akabaki anapiga meza tu. Nikamwacha amalize. Halafu nikaweka mkono wangu juu ya vile vipande, akaona matundu yalivyokaa. Nikamweleza yote. Akavaa miwani yake, akavitazama tena vile vipande. Kisha akang'oa kile kikaratasi cha "yenye kasoro", akakichana, akaandika kingine. Nikamwuliza kinasema nini.

"Filimbi ya baba Nyanzobe," akasema.

Halafu akanifukuza kazi.

Toka siku hiyo mimi siko sawa. Ikifika saa kumi na moja jioni, ng'ombe wa watu wanarudi, vumbi limesimama, kitu kinanivuta hapa kifuani, kama kuna nyumba mahali inanisubiri na siikumbuki njia. Ugali nakula, nashiba, lakini ile harufu siipati. Nimetembea kwa mama ntilie wote wa barabara ya Kahama, siipati. Na kidole hiki ambacho sina, ndicho kinachowasha. Kinatafuta tundu ambalo halipo.

Kwa hiyo nawaambia. Ukikuta filimbi ya mtu, iwe kwenye kioo, iwe juu ya dari kwa babu yako, usiitie maji hata ikikulilia, mpaka umejua ni nani anayesubiri kuisikia. Labda huna mkono wake. Labda hutaujua wimbo. Utamwamsha mtu halafu umwache amesimama mlangoni na mwiko. Na nyie wanaume, msiingie nyumbani kimya kimya kama moshi. Mtu anakusubiri, mpe ishara. Mimi siku hizi nikitoka huku, napiga kengele ya baiskeli kuanzia kule kisimani, napiga mpaka mlangoni, mbwa wote wananijua.

Hii nilimsimulia kwanza mke wangu, Mama Kulwa, siku ile ile niliyofukuzwa. Alikuwa anachambua mboga. Nilimwambia yote, mpaka nilipofika kwenye ile kengele ya baiskeli, kwamba mke wangu, kuanzia leo nitakuwa nakupa ishara, hutasubiri tena hujui nilipo. Nikaona machozi yanamlengalenga, nikajua nimemgusa. Akaweka mboga chini, akanitazama, akaropoka:

"Baba Kulwa, miaka minne uko Geita machimboni, simu mfukoni, hata kunibipu hukunibipu!"